Kanga juu ya Caravan: shajara ya vazi la ndege

Jumamosi, 25 Januari 2025

Leo nimefungua faili tupu ya picha, pikseli (vijiraba vinavyounda picha) 4096 kwa 4096, na kuipa jina kanga_01. Nataka kuivisha kanga Cessna 208B Grand Caravan, ile inayokuja na Microsoft Flight Simulator ya 2020, simuleta, yaani mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Nimechagua Caravan kwa sababu ndiyo ndege ya kwetu. Ukikaa Kiembesamaki, jirani na uwanja wa ndege wa Zanzibar, asubuhi huhitaji kuinua kichwa kujua kinachopita: injini moja, mabawa juu, sanduku la mizigo chini ya tumbo, inakwenda Dar, Pemba au Mafia. Watu wa visiwani wameipanda na watoto, na wagonjwa, na maharusi. Lakini kwenye simuleta karibu kila vazi la Caravan, yaani rangi na michoro yake ya nje, nililokutana nalo ni jeupe lenye mistari miwili mitatu ubavuni.

Kanga nitakayoifuata ni ya shangazi. Mji wa kanga hiyo, yaani sehemu ya katikati, ni mwekundu wenye nukta nyeupe; pindo ni jeusi lenye michoro mikubwa ya korosho, nyekundu na nyeupe. Jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, limefifia kwa kufuliwa, halisomeki. Nimemwomba anikopeshe, akauliza ya nini. Nikamwambia nataka kuichora juu ya ndege. Akaikunjua, akaikagua kama ina tundu, kisha akanipa.

Jumapili, 26 Januari

Kabla ya kuchora chochote nimetengeneza gridi. Ni miraba yenye namba, A1 mpaka P16, kila safu na rangi yake. Nimeivisha ndege nzima gridi hiyo, nikaiegesha uwanja wa Zanzibar, ambao marubani huuita HTZA, nikaizunguka kwa kamera nikipiga picha. Kila mraba niliouona kwenye ndege nimeuandika kwenye daftari: F7 iko nyuma ya mlango wa rubani, F8 inaishia kwenye nguzo ya bawa, K3 ni shavu la injini upande wa kulia.

Anayeanza kazi hii aianze hapa. Ngozi ya ndege kwenye simuleta haikai kama ndege. Imekatwa vipande na kulazwa bapa juu ya picha, vile fundi cherehani anavyokata gauni: mgongo huku, ubavu kule, kola peke yake pembeni. Ukiangalia picha bapa huwezi kujua kipande kipi kinashonwa na kipi. Gridi inakuonyesha mshono ulipo, na inakuonyesha pia kipande kipi kimegeuzwa. Nimegundua ubavu wa kulia na wa kushoto kila mmoja una nafasi yake, kwa hiyo maandishi hayatatokea kinyumenyume upande mmoja. Hilo limenipa raha kuliko yote ya leo.

Mishono mibaya ni miwili. Mmoja uko nyuma ya kifuniko cha injini, ambako ubavu unakutana na pua. Mwingine ni wa mgongoni, katikati ya mabawa.

Jumamosi, 1 Februari

Picha za kanga. Nimepiga thelathini na kitu, nimebakiza nne.

Ndani ya nyumba, chini ya taa, nyekundu ilikuja kama chungwa. Juani ilikuja kama waridi na nyuzi zote zikaonekana. Mwishoni nimeitandika barazani saa mbili asubuhi, kivulini, nikaweka karatasi nyeupe ya daftari pembeni yake. Ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, nimesawazisha rangi mpaka ile karatasi ikawa nyeupe kweli, na hapo nyekundu ya shangazi ikajitokeza yenyewe: nzito, inayoelekea kwenye damu ya mzee, si ile ya bendera.

Nilitarajia kutumia picha zenyewe juu ya ndege. Haiwezekani. Kanga ina upana wa mita moja na nusu hivi na kimo cha mita moja na kidogo. Caravan ina urefu wa mita 12.68. Ukiivuta picha ikae ubavuni, nyuzi zinakuwa kamba na korosho zinakuwa maboga. Ukiirudiarudia, jicho linaona upesi kwamba ni picha moja imepangwa kama vigae. Lazima pindo lichorwe upya, mstari kwa mstari.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki nzima ya pindo, kila usiku baada ya isha.

Nachora ndani ya Inkscape, programu ya kuchora, kwa sababu mistari yake haina pikseli. Naweza kuikuza na kuipunguza bila kingo kuharibika, kisha naihamishia GIMP. Korosho moja ina sehemu tano: ganda la nje, mstari mweupe, tumbo jekundu, jicho, na vile vijimeno vidogo pembeni. Nilidhani ni duaradufu iliyopindwa mkia. Sivyo. Mgongo wake umekakamaa karibu na kichwa na unalegea ghafla ukifika kwenye ncha. Nimechora kumi na moja kabla ya kupata moja inayofanana na ya kwenye kitambaa. Aliyeichora ya kwanza alikuwa na mkono uliotulia sana, na jina lake halipo popote kwenye kanga.

Nimeona pia kwamba korosho za kitambaani hazilingani. Chapa imeteleza kidogo, nyeupe imepanda juu ya nyeusi upande mmoja kama unene wa uzi. Nimeuacha mteremko huo kwenye mchoro wangu. Nilipousahihisha, pindo likawa kama stika ya dukani.

Vipimo kwa kumbukumbu: ubavu wa ndege kwenye picha unachukua kama pikseli 3,600. Gawa kwa mita 12.68, unapata pikseli 284 kwa mita, yaani kila pikseli ni milimita tatu na nusu ya ndege. Pindo nimelipa pikseli 100, sentimita 35. Juu ya kanga lingekuwa kubwa mno. Juu ya ndege, ukisimama mbali kidogo nayo, ndiyo unaona kwamba ni pindo.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeipakia kwa mara ya kwanza. Simuleta haikuiona.

Folda ipo ndani ya Community, mahali pa nyongeza za simuleta, faili ya aircraft.cfg inaelekeza kwenye Caravan ya asili, picha zimegeuzwa kuwa DDS, aina ya picha inayosomwa na simuleta, kwa programu ya texconv na kila moja ina faili yake ndogo ya json pembeni. Nimekaa saa mbili nikisoma kila herufi. Tatizo lilikuwa layout.json. Faili hiyo ni orodha ya kila kilichomo kwenye kifurushi, na ukubwa wake kwa baiti. Simuleta inasoma orodha, haisomi folda. Nilikuwa nimeongeza picha bila kuandika upya orodha, kwa hiyo kwa simuleta picha hizo hazikuwako duniani. Nimeiandika upya kwa kile kiprogramu kidogo cha kutengeneza layout, na ndege ikatokea kwenye menyu.

Nimeitazama kwa dakika tano tu, nikazima. Imepotoka karibu kila mahali. Lakini ni kanga.

Jumapili, 16 Februari

Shangazi amekuja kula mchana. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hajakaa akauliza, "Ndege yangu iko wapi?" Nikamwonyesha kwenye skrini, nikaizungusha polepole.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole puani mwa ndege. "Hapa pindo limekatika."

Nikamweleza kwamba ni mshono wa kifuniko cha injini, kwamba vipande viwili haviko pamoja kwenye picha, kwamba korosho inaanzia kipande kimoja na kumalizikia kingine.

"Mwanangu, kanga ina pande nne na pindo linazunguka zote. Likikatika si pindo, ni mstari tu. Na pembe zake ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokosea tangu mwanzo. Nilikuwa nimechora mikanda miwili mirefu, mmoja chini ya madirisha na mmoja juu yake, inayotoka puani mpaka mkiani kama mistari ya ndege nyingine yoyote. Nilichukua urembo wa kanga nikauweka kwenye umbo la vazi la kawaida la ndege. Alichokuwa anasema shangazi ni kwamba kanga ni umbo lililofungwa: pindo huzunguka, pembe hukutana, mji hukaa ndani, na jina huwa na nyumba yake ndani ya mji. Ukiondoa mzunguko huo umebaki na kitambaa chenye maua.

Baada ya yeye kuondoka nimefuta tabaka mbili za siku tatu. Sikuona uchungu.

Mpango mpya: pindo linaanza nyuma ya kifuniko cha injini, linapanda wima, linapita juu ya madirisha mpaka karibu na mkia, linashuka wima, linarudi chini juu kidogo ya sanduku la mizigo mpaka lilikoanzia. Pembe nne kila ubavu, kila pembe na korosho yake iliyolala mshazari. Kifuniko cha injini chenyewe kinakuwa cheusi, kwa hiyo ule mshono mbaya unabaki nje ya kanga. Mkia wa wima unabeba korosho moja kubwa, peke yake, juu ya nyekundu. Mabawa nayaacha meupe, na sanduku la mizigo jeusi.

Jumamosi, 22 Februari

Jina.

Nimelala na kuamka na suala hili wiki nzima. Nilikuwa nimeandika WEMA HAUOZI kwa sababu ni fupi na linakaa vizuri chini ya madirisha. Shangazi hakulikataa. Aliuliza tu, "Anaambiwa nani?" Jina la kanga huwa na wa kuambiwa. Mwanamke anaponunua haanzi na rangi. Anasoma, anacheka au ananyamaza, anajua atampelekea nani, au atapita nayo mbele ya mlango wa nani. Kwa hiyo ndege inamwambia nani? Anayeisubiri uwanjani, bila shaka. Abiria.

MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Herufi na nafasi zake ni 25.

Kilichonishika ni kwamba neno hili linaisoma ndege lenyewe. Caravan ina mlango wa abiria nyuma upande wa kulia, wenye ngazi, na mlango mpana wa mizigo nyuma upande wa kushoto. Ukisimama upande wa kulia, pua iko mkono wako wa kulia na mkia mkono wako wa kushoto. Maandishi yetu yanaanzia kushoto, kwa hiyo yanaanzia mkiani, na maneno MGENI NJOO yanaangukia pale pale abiria anapopandia. Upande wa kushoto mambo yanageuka: maandishi yanaanzia karibu na pua na kumalizikia mkiani, kwa hiyo APONE inaangukia mlango wa mizigo, ambako zawadi na masanduku ya mgeni yanashushwa. Sikupanga hata kimoja katika hivyo. Niliandika sentensi nikaiona imekaa.

Zamani majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na nikajaribu kuwaza jinsi ambavyo ingekuwa. Herufi za Kiarabu zinaanzia kulia. Upande wa abiria sentensi ingeanzia puani, na neno la kumkaribisha mgeni lingekuwa kwenye propela. Kwa ndege hii herufi za Kilatini ndizo zenye heshima kwa abiria.

Kazi yenyewe sasa. Mlango wa abiria una upana wa kama sentimita 60, yaani pikseli 170 kwangu. NJOO lazima ikae ndani yake bila kukatwa na ufa wa mlango. Herufi nne kwa pikseli 170 ni pikseli 42 au 43 kila moja. Kwa kimo cha pikseli 90, hizo ni herufi nyembamba na ndefu, na kwa bahati njema herufi za kanga huwa hivyo hivyo, nyembamba, zimesimama wima, hazina vikia kwenye ncha. Sentensi nzima inakuwa pikseli 1,075 hivi, mita 3.8. MGENI inabaki nyuma ya mlango, NJOO mlangoni, MWENYEJI APONE inaendelea mbele chini ya madirisha. Sikutumia herufi zilizomo kwenye kompyuta. Nimechora M, G, E, N, I, J, O, W, Y, A na P kwa mkono, herufi kumi na moja tu zinatosha sentensi nzima, nikizitazama kanga za sokoni Darajani nilizopiga picha kwa ruhusa ya wenye maduka.

Nyumba ya jina ni kisanduku cheupe chenye ukingo mwembamba mweusi, kama desturi.

Jioni nimempigia shangazi kumsomea. Akauliza mlango ukifunguka itakuwaje. Hilo sikulifikiria. Kwenye ndege ya kweli nusu ya chini ya mlango inalala na kuwa ngazi, na upande wake wa nje unaangalia ardhi. Mlango ukiwa wazi, NJOO haionekani. Nikamwambia naweza kulisogeza jina mbele, lipite mlango wote. Akasema, "Liache. Mlango ukishafunguliwa, neno limeshasemwa."

Limebaki.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani imeingia, nafanya kazi baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Umeme umekatika mara mbili usiku wa jana na nimepoteza kazi ya nusu saa. Tangu leo nahifadhi kila ninapomaliza tabaka.

Usiku huu ni wa rangi. Ndani ya GIMP nyekundu yangu ni nzuri. Ndani ya simuleta, saa sita mchana, juu ya lami ya uwanja, inawaka kama taa ya breki. Simuleta za sasa zinahesabu mwanga zenyewe. Picha yako inatakiwa ieleze kitu kinarudisha mwanga kiasi gani, siyo kinavyoonekana kikiwa juani. Ukichora jua kwenye picha, na simuleta ikaongeza la kwake, unapata jua mbili. Hakuna rangi ya ndege inayofika 255, mwanga wote, wala inayozama mpaka 0, giza tupu. Nimeshusha nyekundu yangu kutoka 230, 0, 20 (vipimo vya nyekundu, kijani na buluu) mpaka 176, 24, 30. Nyeupe ya nukta imekuwa 235. Nyeusi ya pindo imepanda mpaka 35, na hapo ndipo ilipoanza kuonekana ina umbo. Kabla yake ilikuwa shimo.

Halafu nukta. Za kitambaani ni ndogo kama punje ya mtama, na nilizichora ndogo vile vile, pikseli tisa. Karibu zinapendeza. Ukirudi nyuma mita arobaini, mji mzima unakuwa waridi. Sababu ni kwamba picha ya DDS inabeba ndani yake nakala zake ndogondogo, kila moja nusu ya iliyotangulia, na simuleta inatumia ndogo kadiri ndege inavyokuwa mbali. Nukta ya pikseli tisa kwenye nakala ya tatu ni pikseli moja na kidogo. Imechanganyika na nyekundu iliyoizunguka. Nimezikuza mpaka 24 na kupunguza idadi yake karibu kwa theluthi mbili. Sasa mji unabaki na nukta zake mpaka ndege inapokuwa ndogo kama kidole.

Na ukandamizaji. Nilianza na BC1, njia moja ya kuikandamiza picha, kwa sababu faili yake ni nyepesi. Picha inagawanywa vipande vya pikseli nne kwa nne, na kila kipande kinapewa rangi mbili tu za kupimia nyingine. Kwenye ndege nyeupe huoni kitu. Kwenye ukingo wa korosho, ambako nyekundu, nyeusi na nyeupe zinakutana ndani ya pikseli nne, kinaonekana kitu kama mchwa wameupitia. Njia nyingine, BC7, imeponya karibu yote. Picha ya 4096 kwa BC7 ni megabaiti 16, na nakala zake ndogo zinaifikisha 21 na ushei. Kanga inastahili uzito huo.

Jumapili, 9 Machi

Mng'ao na masizi.

Picha ya pili ya ndege, ile isiyo na rangi, inabeba mambo matatu kwenye njia zake tatu: nyekundu inabeba vivuli vya kwenye pembe, kijani inabeba ukwaru unaopunguza mng'ao, buluu inaeleza kama ni chuma kitupu. Nilipandisha kijani sana nikitaka ndege ifubae kama pamba. Nimeitazama siku mbili na nimebadili mawazo. Ndege hii haijavaa kitambaa. Imepakwa rangi na fundi wa rangi, juu ya alumini, na fundi ameifuata kanga. Nimekirudisha kijani chini, na sasa asubuhi jua linapita juu ya ribiti na juu ya korosho kwa mstari mmoja, na macho yanaamini.

Masizi: Caravan ina bomba moja la ekzosi, chini ya pua upande wa kulia, na ndege yenye kazi hubeba weusi wake kutoka hapo kurudi nyuma. Nilikuwa nimechora masizi pande zote mbili kwa kunakili tabaka. Nimefuta ya kushoto. Ya kulia nimeyapitisha juu ya sanduku la mizigo, ambalo ni jeusi tayari, na kuyapandisha kidogo tu mpaka chini ya pindo. Hayagusi jina. Mwenye ndege anayeandika neno la kumkaribisha mgeni atalipangusa kila siku.

Jumamosi, 15 Machi

Shangazi amekuja kufuturu. Nimemwonyesha ndege iliyokamilika, jua la asubuhi, Zanzibar, mawingu machache. Ameisoma kwa sauti, kulia kisha kushoto. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nzuri. Na ya pili?"

"Ya pili ipi, shangazi?"

"Kanga huuzwa doti. Nani amekuuzia moja?"

Nilichelewa kulala. Nimefungua faili mpya nikaanza kugeuza: mji mweusi, pindo jekundu, iwe pacha ya kinyume. Kufika saa saba usiku nilikuwa na ubavu mmoja na nikajua kwamba nimekwenda kombo, maana kanga mbili za doti moja ni sawasawa, pindo kwa pindo, jina kwa jina. Zinatoka kiwandani kitambaa kimoja, zimeungana. Mwenyewe ndiye anayezikata na kuzipinda. Marafiki wawili wa kike wanaweza kugawana, kila mmoja na yake, na watu wakiwaona wanajua.

Kwa hiyo ya pili nimekuwa nayo tangu zamani. Ni faili ile ile. Kinachohitajika ni mtu mwingine.

Jumamosi, 22 Machi

Mtu huyo ni binamu yangu wa Muscat. Tulicheza simuleta pamoja tukiwa skuli, kwenye kompyuta moja, mmoja akishika usukani na mwingine akibonyeza vitufe, kabla wazazi wake hawajahamia Oman. Nimempigia leo. Simuleta anayo, Caravan anayo, muda anao baada ya Idd.

Kwenye simuleta hii watu wawili wakiruka pamoja, kila kompyuta inachora ndege kwa picha zilizomo ndani yake. Asiye na vazi langu ataiona ndege yangu na rangi nyingine, ya kiwandani. Lazima kifurushi kiwe kwake kama kilivyo kwangu. Nimekifunga na kumtumia kwa WhatsApp.

Usajili, yaani namba ya ndege, tumeuacha kwa simuleta, inauandika yenyewe juu ya ngozi kutokana na tarakimu anazoweka mchezaji. Rangi ya herufi zake tu ndiyo nimeibadili ndani ya faili ya panel.cfg iwe nyeupe, ikae juu ya pindo jeusi karibu na mkia. Kila mmoja wetu atakuwa na 5H yake, alama ya mwanzo ya usajili wa ndege za Tanzania. Kwenye kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka mwaka 1887, kuna zile herufi K.H.E. na Mali ya Abdulla, alama ya mwenye mali isiyoingilia jina. Nimeuweka usajili vivyo hivyo, pembeni, mdogo.

Marekebisho ya mwisho kabla ya kutuma: pembe ya chini ya nyuma, ubavu wa kushoto, ilikuwa imesogea pikseli sita. Hakuna ambaye angeiona ila shangazi.

Jumanne, 1 Aprili, Idd Pili

Saa tatu usiku hapa, saa nne Muscat. Nyumba imejaa watu wa sikukuu, watoto wanakimbia na peremende, na shangazi amevuta kiti karibu na meza.

Tumeweka saa ya simuleta iwe asubuhi. Binamu alitokea HTZA kabla yangu. Nilipoingia niliiona ndege yake imeegeshwa mbele ya jengo, nyeupe, na mistari ya kiwandani. Moyo ulishuka. Alikuwa amefungua kifurushi ndani ya folda iliyo ndani ya folda, kwa hiyo simuleta yake haikukiona na hakuweza kulichagua vazi. Amekihamisha, ameanzisha upya, nasi tukangoja dakika sita ambazo watoto walizitumia kuniuliza kwa nini ndege haziendi.

Alirudi akiwa na kanga.

Tumeruka kutoka njia ya kurukia namba 36, mimi mbele, yeye nyuma kulia. Tumefuata ufuo wa magharibi wa Unguja mpaka Nungwi, kisha bahari tupu. Hapo nimeipeleka kamera nje na kuiacha. Ndege mbili juu ya maji ya buluu, pindo moja, korosho moja mkiani, neno moja ubavuni. Nilichotambua kwa macho ni kwamba kutoka kwake anaona upande wangu wa kulia, MGENI NJOO, na kutoka kwangu naona upande wake wa kushoto, wenye APONE nyuma kabisa. Nimemwambia kwa maikrofoni asome. Amesoma. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema hajafika Pemba tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili.

Kama nusu saa baadaye tumeteremka HTPE, uwanja wa Pemba. Ameegesha sambamba nami, karibu sana, ncha ya bawa lake haifiki mita mbili kutoka langu. Nilitaka kumwambia asogee, mapropela yanazunguka bado. Shangazi akanishika mkono. "Usimwambie asogee. Doti haijakatwa."

Kabla sijabonyeza kitufe cha kuhifadhi picha, shangazi alikuwa ameshapiga yake kwa simu, skrini imepinda na taa ya sebuleni imeakisi juu ya bawa, na ameshamtumia mama yake binamu. Jibu limekuja wakati tunazima injini. Ameuliza kanga hiyo inauzwa wapi.